Hukumu ya Mara Moja

Sijapata kumwona akikaa kwenye kiti kimoja mpaka chai yake ikaisha. Atakaa, atanyanyuka, atakwenda dirishani kuangalia theluji kama anayemngoja mgeni aliyechelewa, atarudi na kukaa kiti kingine, na kikombe amekisahau kule kule dirishani. Alikuwa akiishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao karibu na Bailey Avenue, Buffalo, na kila nilipokwenda kumtazama kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka vyumba vyote nikikusanya vikombe vyenye chai nusu. Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nina siafu miguuni. Lakini nikiwa na yule mzee nilijiona mpole kama kondoo.

Nilimwita Jaji. Wakongomani wa mtaa ule walimwita Papa Juge. Wanafunzi wake pale chuo kikuu, Amherst, walimwita Profesa, na nyuma ya mgongo wake walimwita majina mengine. Yote yalikuwa yake. Alikuwa mwanazuoni wa sheria za katiba huko kwao Urusi, ameandika vitabu vinene ambavyo mimi siwezi kusoma hata jalada, kisha akateuliwa kuwa jaji wa mahakama ya katiba, akakaa huko miaka mingi, akatoka kabla wakati wake haujafika. Alizaliwa mji gani na wazazi wake walikuwa nani, sijui, wala yeye hakuwa mtu wa kusimulia hayo. Kiswahili alikipata ujanani, alipokwenda kufundisha sheria Dar es Salaam enzi za kuitana Ndugu. Akaondoka nacho kikiwa vile vile, kimepigwa pasi na kukunjwa, na hakukikunjua tena mpaka uzeeni. Ndiyo maana alimwita kila mtu Ndugu: mimi, dereva wa basi, daktari wa Kihindi, hata paka wa jirani.

Siku ya kwanza darasani alisoma majina, akafika kwangu, akanyanyua miwani. "Ndugu, wewe ni mtu wa Tanga?" H zake zote zilitokea kooni kwa kukwaruza, na herufi r aliiviringisha mpaka ikachoka, lakini sarufi yake ilikuwa safi kuliko ya wakili yeyote niliyefanya naye kazi Dar. Nilikuwa nimeacha ajira serikalini nije kusoma shahada ya uzamivu, nina upweke wa kufa mtu, na mzee wa Kirusi ananiuliza habari za Tanga kwa Kiswahili. Nililia chooni baada ya kipindi. Sioni haya kusema.

Jinsi alivyofahamiana na Wakongomani ni kisa ambacho Mama Neema alikisimulia kila mara kwa namna nyingine, lakini mimi nilikuwemo, kwa hiyo mniamini mimi. Tulikuwa kwenye basi, viti vitupu tele, na Jaji kama kawaida yake amesimama. Mama mmoja nyuma yetu, ndiye huyo Mama Neema ingawa bado hatujamjua, anazungumza na simu kwa sauti ya kuhutubia mkutano: "Nilishakuambia mara moya, miye sirudilie!" Jaji akageuka kama mtu aliyechomwa sindano.

"Samahani, Ndugu," akasema. "Ni 'moja'. Mara moja."

Mama akashusha simu. Akamtazama yule mzungu mrefu, nyusi nyeupe, koti limefungwa vifungo vibaya. "Weye muzungu," akasema, "nani alikuita mu telefone yangu?"

"Hakuna aliyeniita. Lakini ni 'moja'."

"Sisi njo vile tunasemaka. Tangu babu. Unatoka wapi na hii Kiswahili yako ya buku?"

Walibishana vituo vyote vilivyobaki. Akakosoa miaka mbili ikawa miaka miwili, akakosoa mtoto yangu akawa mtoto wangu, na mama yule akampandishia na kumshushia, kisha tukateremka sote kituo kimoja. Tukatembea mtaa mmoja. Tukasimama mbele ya nyumba moja. Kumbe familia iliyohamia chini yake wiki ile, ambayo alikuwa akiisikia ikisogeza vitanda, ndiyo ya mama yule. Jioni ile tulikula sombe, yaani kisamvu, na fufu kwao, Jaji akibadilisha viti, na watoto wa Mama Neema wakamwangalia kwa mshangao, maana wao wenyewe mama yao akiwasemesha Kiswahili walimjibu Kiingereza.

Mume wa Mama Neema alikuwa mtu mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya. Nitamwita Mwenyekiti, maana ndivyo alivyokuja kuwa, ingawa wakati ule alikuwa akifanya kazi kiwandani na hakuwa mwenyekiti wa chochote isipokuwa meza yake ya chakula. Huyu ndiye aliyemfyagilia Jaji theluji ngazini bila kuombwa. Kifua kilipombana Jaji asubuhi moja ya barafu na gari la wagonjwa likakwama mtaa wa pili, huyu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka lilipo. Jaji alinisimulia habari hiyo kwa hasira. "Ananibeba kama gunia la viazi," alisema, "na njia nzima anaimba pambio." Lakini tangu siku hiyo akawa anateremka chini kwao kila jioni, na kule tu ndiko nilikomwona akisahau kunyanyuka.

Rafiki mwingine hakuwa naye. Naomba hili lieleweke mapema. Kutoka kwao hakupata simu hata moja niliyoisikia. Wanafunzi walimwogopa. Mimi nilimpenda, lakini mimi nilikuwa mwanafunzi, na yeye alikuwa na mpaka wake na wanafunzi. Mwenyekiti hakujua mipaka ya namna hiyo. Alimwingilia bila kubisha, akafungua sufuria zake, akamwuliza kwa nini mtu mzima anakula samaki wa kopo.

Kwa methali Jaji alikuwa na ugomvi wa kudumu. Alizijua nyingi kuliko mimi, na kila moja aliisimamisha kizimbani. "Huyu aliyetunga 'mwenye nguvu mpishe'," aliniambia siku moja, "hakuwahi kukaa mahakama ya katiba." Akafikiri kidogo. "Au alikaa." Lakini aliyoichukia kwa moyo wote ilikuwa "wengi wape". Ukiitaja mbele yake anasimama. Kama amesimama tayari, anatembea. "Wape," anasema, "nani amekataa? Wape, lakini wakishapewa wakae wasikilize!"

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, ukiifupisha. Majaji wakikaa wengi kuamua jambo, huwa wanapiga kura, na walio wengi ndio wenye hukumu. Anayekataa hana kitu, isipokuwa haki ya kuandika peke yake kwa nini amekataa. Karatasi hiyo haifungui jela wala haifuti sheria. Jaji aliandika vitabu juu ya karatasi hizo kabla hajawa jaji, na alipokuwa jaji akaziandika mwenyewe, nyingi, mpaka wenzake wakawa wakimwona amenyamaza kikaoni wanasema kalamu yake inaota moto. "Walio wengi wanamwandikia mtu wa leo," alitufundisha. "Aliye peke yake anamwandikia mtu asiyemjua." Wanafunzi waliandika maneno hayo. Mimi nilimwuliza kama mtu huyo asiyemjua amewahi kumjibu. Akaenda dirishani.

Kusifu hakujua. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu aliirudisha amepiga mstari chini ya sentensi moja, na pembeni ameandika kwa Kiswahili: "Hapa ulikuwa unafikiri." Kwingine kote hakuna alama. Nilikasirika nikaapa nitahamia kwa profesa mwingine. Kisha nikaisoma ile sentensi tena, nikazisoma na nyingine, nikaona ana haki, nikakasirika zaidi.

Na ukidhani mtu wa namna hiyo alikuwa mtiifu wa sheria, ungemwona akivuka Bailey Avenue. Taa nyekundu, magari yanakuja, yeye huyo katikati, mkono mmoja juu kama anayesimamisha ng'ombe. Nilimfokea: "Jaji! Mtu uliyekaa mahakama ya katiba!" Akanijibu bila kugeuka, "Taa si katiba, Ndugu." Mwenye lori akampigia honi na matusi, naye akamwinamia kwa heshima zote. Hakuwa na subira ya kungoja kitu chochote kinachobadilika chenyewe.

Kuendesha gari hakujua, hivyo dereva wake nilikuwa mimi. Binti yake alikuwa akiishi Westerville, kaskazini mwa Columbus, katika nyumba kubwa yenye mazulia meupe na ukimya. Mke wa Jaji alikuwa amefariki kwao, na binti alimtaka baba ahamie. Kila likizo nilimpeleka, safari ya nusu siku, akiwa na ahadi ya kukaa wiki nzima, na kila mara simu ilinifikia kabla sijafua nguo zangu za safari: "Ndugu, njoo." Nilimhurumia yule binti. Alikuwa amempikia, amemnunulia kiti cha kulalia chenye kitufe, amewafundisha watoto kumsalimia kwa Kirusi. Mara moja alinifuata mpaka kwenye gari akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Kwenu huko anakaa?" Nilimdanganya kwamba hata kwetu hakai.

Mwenyekiti naye akahama. Alisikia Louisville kuna kazi za maghala zenye mshahara mzuri na baridi isiyo na kichaa, akapakia familia na sufuria, akaenda. Jaji alisema ni uamuzi wa busara, akaacha kula kwa siku kadhaa. Huko Louisville Wakongomani walikuwa wengi, wana jumuiya yao yenye mikutano na misiba na mapokezi ya wageni uwanja wa ndege. Haukupita muda wakamchagua mwenyekiti. Na kusema kweli aliwafaa. Wageni waliofika na mifuko yao ya nailoni walimkuta amesimama na makoti. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyejua padri gani, makaburi gani, sahani za kukodi wapi. Mwaka ukaisha wakamchagua tena. Wa pili ulipoelekea ukingoni, akasema anagombea wa tatu, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jumuiya ilikuwa na katiba. Waliandikiwa na kijana wa Morogoro, mwanachama wao wa siku za mwanzo, kwa sababu walitaka Kiswahili cha vitabuni, chenye heshima, cha kuwekewa mhuri. Kifungu chenyewe kilisema: "Mwenyekiti atakaa mwaka mmoja, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja." Sasa wewe msomaji, soma. Wapinzani wa Mwenyekiti walisoma: tena, mara moja, basi, isizidi. Mwenyekiti akasoma: tena, mara moja, yaani papo hapo, bila kupumzika kati. Kifungu, alisema, kinamruhusu kuunganisha mihula. Idadi ya mihula hakikuitaja popote.

Msicheke. Nilipiga simu Tanga kumwuliza baba yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naye akaniomba nikirudie kifungu, kisha akasema, "Inategemea." Na hizo zilikuwa siku ambazo redio za kwetu zote zilikuwa na habari za mihula, za marais wanaoondoka na wasiotaka kuondoka, kwa hiyo hakuna aliyeona ni mzaha. Familia ziliacha kusalimiana kanisani. Mwishoni wakakubaliana kuteua wazee watatu wakisome kifungu, na watakaloamua liwe. Wazee hao walikuwa pasta wao, mwalimu mmoja Mrundi aliyeheshimiwa na pande zote, na wa tatu akatajwa na Mwenyekiti mwenyewe.

"Papa Juge," alisema kwenye simu, sauti ya kwaya imejaa gari langu, "weye njo unajua katiba. Kuya utusomee ile neno. Donc, utalala kwetu, Mama Neema iko na sombe."

Nilimchukua Westerville, alikokuwa amekaa siku mbili na kwa hiyo amechoka kabisa, tukashika barabara ya Cincinnati kwenda Louisville. Njiani alifungua na kufunga kile kisanduku cha mbele ya goti mpaka nikataka kumpiga. Nilijua anachofikiri. Alikuwa amekwisha kusoma ile katiba yote, nukta kwa nukta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika mahali asipopataka.

"Mwenyekiti amekosea," nikasema.

"Amekosea."

"Jaji, wenzako wawili wako upande wake. Pasta ni rafiki yake, yule Mrundi anataka amani. Atashinda hata ukikataa. Nyamaza hii moja. Sema unakubaliana nao, ule sombe, turudi. Utambakiza nani, Jaji?"

Akafunga kisanduku. Ndipo aliponiambia kitu ambacho hajapata kuniambia kabla wala baada. Alisema kulikuwa na kesi, hakuitaja jina na mimi sikuuliza, ambayo alijua jibu lake tangu siku ya kwanza. Mkewe alikuwa hospitali. Yeye alikuwa amechoka, na wenzake walimwambia kwa upole, kama mimi sasa, kwamba kura yake haibadilishi kitu. Akatia sahihi pamoja nao na hakuandika neno. Baada ya muda mfupi akajiuzulu, akasingizia afya. "Nimeandika nyingi, Ndugu," alisema. "Ile moja tu sikuandika, na ndiyo ninayoikumbuka yote." Nilitazama barabara. Nilitamani angekuwa ameniambia siku nyingine, nikiwa siendeshi gari.

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, watu wamejaa, wanawake wa upande huu kushoto na wa upande ule kulia, harufu ya samaki kutoka jikoni. Mwenyekiti alimkumbatia Jaji mbele ya wote akamnyanyua kidogo kutoka sakafuni. Wale wapinzani wakaangaliana. Wazee wakakaa kwenye meza ya mbele, wawili wakakaa kwa kweli na wa tatu akasimama nyuma ya kiti chake.

Pasta alianza. Alisema maneno mazuri juu ya kazi za Mwenyekiti, yote ya kweli, kisha akasema mutu anayechungaka kondoo vizuri hapana sababu ya kumuondosha, na wengi wape. Niliona mabega ya Jaji yakipanda. Mwalimu Mrundi akasimama, mtu mwembamba, Kiswahili chake laini. "Mimi nimetoka mahali ambapo watu waligombania muhula," alisema. "Nilichokiona sitaki kukisimulia mbele ya watoto. Neno hili lina maana mbili na mimi ninachagua ile ya amani. Akae. Tule chakula twende nyumbani." Akaketi, na hakuna aliyemlaumu.

Basi ilikuwa imekwisha. Wawili kwa mmoja, na mmoja hajasema. Jaji angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Mwenyekiti alikuwa akimtabasamia.

"Katibu wa jumuiya yuko wapi?" Jaji akauliza.

Mwanamke wa makamo akasimama upande wa wapinzani.

"Ndugu, siku mlipoipitisha katiba hii, nani aliisoma kwa sauti?"

"Ni miye, Papa. Batu bengine hawajue kusoma."

"Soma kifungu kama ulivyosoma siku ile."

Akakisoma. "Mwenyekiti atakaa mwaka moya, na anaweza kuchaguliwa tena mara moya."

"Na kama ungetaka kuwaambia watu jambo lifanyike papo hapo, bila kungoja, wewe mdomoni mwako ungesemaje?"

Hakujibu peke yake. Walijibu wanawake wa pande zote mbili, wakicheka kabla hawajakumbuka kwamba wamegombana. "Mbio!"

"Mbio," Jaji akasema. Akaanza kutembea nyuma ya meza, na mimi nikajua imekwisha kuwa. Akasema kwamba huko Dar neno hilo lina maana mbili na angeweza kulibishania mpaka kesho. Lakini katiba hii haikupitishwa Dar. Ilipitishwa hapa, na watu walioisikia kwa masikio, na walichosikia ni moya. "Moya ni hesabu," alisema. Mama Neema akaziba mdomo kwa kiganja, maana huyu ndiye aliyemkosolea moya kwenye basi mbele ya watu. Akaendelea kwamba hakuna mtu anayeandika kifungu ili kisikataze chochote. Kisha akasimama mbele ya Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiliongezea lile Ndugu lake la zamani neno 'yangu'. "Ndugu yangu," akasema, "ulichaguliwa, ukachaguliwa tena. Imetosha."

Tukasikia mafuta yakichemka jikoni. Tabasamu la Mwenyekiti lilibaki usoni muda mrefu kuliko ilivyopasa, halafu likaondoka lote kwa pamoja.

Pasta akatangaza: wawili kwa mmoja, Mwenyekiti anaruhusiwa. Jaji akaomba karatasi, akaandika hukumu yake ya peke yake akiwa amesimama kwenye kaunta ya jikoni, katikati ya masufuria, nusu saa nzima, na akamkabidhi katibu aiweke pamoja na katiba. Nilitarajia wale wapinzani wachukue makoti yao waende wakaanzishe jumuiya nyingine, kama watu wanavyofanya. Mmoja wao alikwisha kuvaa. Katibu akamshika mkono. "Tubaki," alisema. "Neno yetu imeandikwa." Wakabaki, wakala, ingawa walikula upande wao.

Sisi hatukulala kwao. Mama Neema alitufungia sombe kwenye karatasi ya foili akanikabidhi mimi, macho yake yakiwa kwenye viatu vyangu. Mwenyekiti hakutoka kutuaga. Njia nzima mpaka Columbus Jaji hakukigusa kisanduku. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilikataa kuwasha redio, na nilikuwa na fahari naye.

Kipindi hicho cha baridi simu ya Louisville haikulia. Nilijua kwa sababu Jaji alikuwa akiitoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha, hata akiwa darasani. Kifua kikamrudia. Safari hii hapakuwa na wa kumbeba, na wapangaji wapya wa chini walikuwa vijana wenye muziki wasiojua kama juu kuna mtu. Chuo kikamuaga kwa keki. Binti yake akaja Buffalo mwenyewe akamchukua, na Jaji hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilikwenda kumwona Westerville mwanzoni mwa kiangazi, nimemaliza masomo, nina kazi na gari jipya la mkopo. Nilimkuta kwenye kile kiti chenye kitufe, blanketi magotini. Miguu ilikuwa imekataa. Mtu yule aliyetembea maisha yake yote alikuwa amekaa mahali pamoja, na kutotulia kwake kote kulikuwa kumehamia kwenye vidole, vinachezacheza juu ya blanketi bila kupumzika. Tulizungumza habari za Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kizima.

Kengele ikalia. Nikasikia binti akizungumza mlangoni na sauti ya kwaya.

Mwenyekiti aliingia amevaa koti zito, kiangazi kile, koti la kwendea mahali pa heshima. Alinisalimu, "Dada." Akakaa ukingoni mwa kochi jeupe, kofia mkononi, koti mwilini. Binti akamletea chai. "Aksanti, sinywe," akasema, na binti, ambaye hakuelewa neno, akaiacha pale mezani. Mimi nikataka kuondoka. Jaji akanionyesha kwa kidole nikae.

"Papa Juge," Mwenyekiti akasema, "nimekuya kukuuliza neno moya. Ile siku, bale babili balikuwa tayari na miye. Hata ungenyamaza, bon, kitu haingebadilika. Ulijua."

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini ulinikatala mbele ya batu? Miye njo nilikubebaka mu mugongo. Miye!" Akaitazama kofia yake.

Vidole vya Jaji vikatulia. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Kwetu nilinyamaza mara moja," akasema, "kwa sababu niliogopa kubaki bila mtu. Nikanyamaza, na hajaja mtu mpaka leo." Akapumua tena. "Wewe nilikukatalia. Nilijua utakasirika. Nilijua pia utakuja."

Mwenyekiti akasimama. Nikadhani anaondoka. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akavuta kile kikombe karibu, akamwuliza binti kwa Kiingereza chake cha ghalani sukari inakaa wapi.